Cheti cha Hakimiliki na Haki ya Kusikilizwa

  

Ndugu zangu katika imani, Ijumaa ya leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la wanamuziki na watengenezaji filamu, ilhali limekwisha kuingia katika madrasa zetu na ndani ya nyumba zetu. Nalo ni hakimiliki ya kazi iliyoandikwa au kutungwa, na hasa mzozo unaozuka pale watu wawili wanapodai kwamba kazi moja ni yao, mmoja wao akiwa tayari ameshaiandikisha serikalini kwa jina lake.

Miaka michache iliyopita alifariki maalimu mmoja wa mtaani kwetu, Allah amrehemu. Jina lake silitaji kwa ajili ya wanawe. Alifundisha chuoni zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo alijaza kauntabuku nne kwa masomo ya tohara, Sala, Saumu na Hija, kwa Kiswahili chepesi cha kufahamika na mtoto wa miaka tisa. Baada ya kufariki kwake, mjane wake alikiona kitabu kinauzwa nje ya msikiti baada ya Sala ya Ijumaa, kimetandazwa juu ya jamvi pamoja na udi, kofia na miswaki. Akamtuma mwanawe mkubwa akinunue. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mwanafunzi mmoja wa marehemu, na chini yake maelezo kwamba haki zote zimesajiliwa. Kijana akafungua somo la maji na najisi, akakuta mfano wa paka aliyeramba maji katika bakuli la jikoni. Paka huyo alikuwa wa nyumba yao.

Mama yule alinijia na mwanawe. "Sheikh, mimi sitaki kesi na mtu," aliniambia. "Nataka jina la baba yao lirudi mahali pake."

Wazee wa msikiti walikuwa na rai mbili. Wengine walisema kwamba ilimu ya dini haina mwenyewe, kwamba marehemu ameacha sadaka yenye kuendelea, basi kijana aachwe aieneze. Wengine walisema kijana ana cheti cha serikali, na mwenye cheti ndiye mwenye mali, kwa hiyo maneno yamekwisha. Mimi sikuafikiana na rai zote mbili, na makala hii ni maelezo ya kwa nini.

Tuanze na wale wanaosema ilimu haina mwenyewe. Maneno yao si ya kupuuzwa, maana wanazuoni wakubwa wamewahi kuwa na msimamo unaokaribiana nayo. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuona kwamba inafaa kuizuilia haki ya kuchapisha kitabu, na mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akaja kuwa na rai iliyo tofauti na ya baba yake. Mas-ala haya yaligawa rai hata ndani ya nyumba moja ya ilimu. Lakini mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait, katika azimio lake namba 43, liliamua kwamba haki za uandishi, uvumbuzi, majina ya biashara na alama zake ni haki zinazozingatiwa na sheria ya Kiislamu, zina thamani ya kimali katika ada ya watu wa zama hizi, na haijuzu kuzivamia. Ikiwa ni mali, basi mwenyewe akifa inaingia katika mirathi kama lilivyo shamba na nyumba. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inailinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Watoto wa maalimu wetu walikuwa hawajabaleghe wawili, na mali ya yatima tunajua uzito wake.

Pamoja na hayo, wazee wale walikuwa na punje ya kweli ambayo hata majaji wa kidunia wanaikubali. Ziko kesi nyingi zinazoonesha jambo hili, lakini mimi huipenda ile ya India ya R. G. Anand. Bwana huyu aliandika mchezo wa kuigiza uitwao Hum Hindustani mwaka 1953, kuhusu ubaguzi baina ya watu wa majimbo mbalimbali ya nchi yake. Mwaka 1956 ikatoka filamu iitwayo New Delhi yenye maudhui hayo hayo, naye akashitaki kwamba ameibiwa. Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1978 ilihukumu kwamba hakuibiwa kitu. Wazo, maudhui na habari za historia hazina mmiliki. Kinachomilikiwa ni namna mtu alivyoliweka wazo lile katika maneno na mpangilio wake. Kwa kipimo hicho, hukumu za udhu hazikuwa za maalimu wetu wala za mwanafunzi wake. Ni ilimu ya umma mzima. Lakini sentensi zile, mfano ule wa paka, na ule mpangilio wa masomo kuanzia jepesi kwenda zito, vilitoka kichwani mwa mtu maalumu mwenye jina.

Sasa tuje kwenye cheti, na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi.

Watu wetu wanafikiri kusajili hakimiliki ni kama kupata hati ya kiwanja. Sivyo. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unakataza haki ya mtunzi kufungwa na sharti la kuandikishwa. Haki inazaliwa pale kazi inapotungwa. Daftari la usajili ni mahali pa kuweka ushahidi. Afisa anayepokea fomu hakuwapo usiku ule marehemu alipokuwa akiandika kwa mwanga wa kandili. Anaandika anachoambiwa na mwombaji, na mwombaji anaweza kuwa mkweli, au mwongo, au mtu aliyejidanganya nafsi yake kwanza kabla ya kumdanganya afisa. Aina hii ya tatu ndiyo iliyo nyingi kuliko tunavyodhani.

Nchi iliyoliwekea jambo hili utaratibu ulio wazi ni hiyo hiyo India, na inatufaa kuitazama kwa sababu sheria zake na zetu zimetoka katika mkoba mmoja wa Mwingereza. Sheria yao ya hakimiliki ni ya mwaka 1957. Ndani yake, kifungu cha 48 kinasema daftari la hakimiliki ni ushahidi wa awali wa yale yaliyoandikwa humo. Ushahidi wa awali maana yake ni kwamba unakubaliwa mpaka atokee mwenye kuubatilisha. Haukufunga mlango.

Na mlango wenyewe unafunguliwa mapema, kabla cheti hakijatoka. Kwa mujibu wa kanuni zao za mwaka 2013, anayeomba usajili analazimika kumpelekea taarifa kila mtu mwenye madai au maslahi katika kazi ile. Ombi linapewa namba, kisha linangoja siku 30. Mwenye pingamizi analeta pingamizi lake kwa maandishi. Ikiwa limekuja, au ikiwa Msajili mwenyewe hakuridhika na maelezo ya mwombaji, hufanya uchunguzi kabla ya kuandika chochote: pande zote mbili huandikiwa barua, hujibizana kwa maandishi, na huitwa kusikilizwa. Wala kikao hicho si mazungumzo ya barazani. Kifungu cha 74 kinampa Msajili mamlaka ya mahakama ya madai katika mambo kadhaa: anaweza kumwita shahidi na kumlazimisha afike, kumhoji kwa kiapo, kuamuru hati zitolewe, na kupokea ushahidi wa hati za kiapo. Asiyeridhika na uamuzi wake ana miezi mitatu ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Na anayeingiza jambo la uongo katika daftari kwa kujua anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, au kutozwa faini, au vyote viwili.

Je, cheti kikishatoka kwa makosa? Kifungu cha 50 kinamruhusu aliyedhulumika kuomba daftari lirekebishwe, jina lililoingizwa pasipo haki lifutwe, au lililoachwa liingizwe. Zamani maombi hayo yalisikilizwa na Bodi ya Hakimiliki. Mwaka 2017 kazi zake zikahamishiwa baraza la rufaa la haki miliki kwa jumla, na mwaka 2021 baraza hilo nalo likavunjwa, mashauri yakaenda Mahakama Kuu. Sitaki kuwapamba Wahindi kupita kiasi. Baraza lile lilikaa vipindi virefu bila kutimia wajumbe, na mtu mwenye haki akawa anasubiri kiti kipate wa kukikalia. Utaratibu ulioandikwa vizuri unahitaji watu wa kuutekeleza.

Marekani wao wamefuata njia nyingine. Ofisi yao ya hakimiliki ikikataa kuisajili kazi, mwombaji huomba kufikiriwa upya kwa maandishi, mara mbili, na mambo huishia kwenye karatasi bila watu kukaa ana kwa ana. Ila tangu mwaka 2022 wana baraza dogo la madai yasiyozidi dola 30,000 za kimarekani, lenye maafisa watatu, ambapo pande zinaweza kusikilizwa kwa njia ya video bila kulipa mawakili wa bei kubwa, na anayeshitakiwa ana siku 60 za kukataa kushiriki akitaka mahakama. Kwetu, Tanzania Bara kuna COSOTA chini ya ile sheria ya 1999, Zanzibar wana sheria yao ya 2003, na Kenya wana sheria ya 2001 ambayo marekebisho ya mwaka 2019 yaliileta Baraza la Hakimiliki la kusikiliza baadhi ya mizozo. Juu ya wote hao ziko mahakama.

Ndugu msomaji, mwenye kusoma fiqhi ya ukadhi hatashangazwa na lolote katika hayo. Barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (RA) kwenda kwa Abu Musa Al-Ash'ari inamtaka kadhi awaweke wagomvi sawa katika kikao chake na hata katika kuwaangalia, ampe mwenye kudai muda maalumu wa kuleta ushahidi wake, na asione haya kuirejea hukumu aliyoitoa jana ikiwa leo ameiona haki upande mwingine. Someni tena yale ya siku 30 na yale ya kurekebisha daftari, mtaona mnafahamiana nayo. Mtume (SAW) alipompeleka Sayyidna Ali (RA) Yemen kuhukumu, alimwelekeza asihukumu kwa kumsikia wa kwanza mpaka amsikie na wa pili. Na katika Sura Saad tumesimuliwa jinsi Nabii Daud (AS) alivyoingiliwa na wagomvi wawili, mmoja mwenye kondoo wengi na mwingine mwenye mmoja, na wako wafasiri waliosema kwamba mtihani wake ulikuwa katika kutamka kabla upande wa pili haujasema.

Kisha iko Hadithi ya Ummu Salama (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo laiti ingebandikwa katika kila ofisi ya usajili. Mtume (SAW) alitahadharisha kwamba yeye anahukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, basi atakayehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hukumu ya kadhi haigeuzi haramu kuwa halali kwa mtu anayejua ukweli wa nafsi yake. Ikiwa hukumu ya kadhi haifanyi hivyo, sembuse karatasi yenye muhuri iliyotolewa kwa maelezo ya upande mmoja?

Nirudi kwa mama yetu. Tulimshauri apeleke malalamiko katika ofisi inayohusika, na pande zote mbili zikaitwa. Barua ya wito ilikaa chini ya godoro lake wiki tatu. Aliogopa. Neno "kuitwa" kwake lilikuwa na maana ya polisi. Wanawake wetu wengi tumewalea hivyo, kwamba heshima ya mwanamke ni kutoonekana mahali pa mashauri, na matokeo yake ni kwamba haki za mayatima huamuliwa kwa maneno ya yule aliyehudhuria. Katika kila utaratibu ninaoujua, asiyefika baada ya kuitwa ipasavyo anaweza kuamuliwa bila kuwapo. Wake wa Masahaba walifika kwa Mtume (SAW) wenyewe kudai haki za mirathi ya binti zao. Sijui sisi tumeupata wapi usitiri ulio mkubwa kuliko wao.

Siku ya kikao nilikwenda nao, kwa kuwa nilitakiwa nitoe ushahidi wa mwandiko wa marehemu. Mlalamikaji akaweka mezani kauntabuku tatu. Ya nne haikuonekana. Mlalamikiwa, kijana wa adabu na mwanafunzi wangu pia kwa miaka miwili, akaweka cheti chake, nakala ya kompyuta na risiti za mchapishaji. Kusema kweli nilikuja nikiwa nimeshamhukumu moyoni. Afisa aliyeongoza kikao hakumhukumu. Alimwomba asome ukurasa mmoja wa kitabu, kisha akampa mama kauntabuku atafute ukurasa huo huo. Wakafanya hivyo kwa somo baada ya somo, kwa muda wa saa nzima na zaidi, na maneno yalikuwa yale yale, hata mahali marehemu alipokosea tahajia.

Kijana hakukana. Alisema alidhani kwamba aliyechapa kwa mikono yake, akalipa fedha zake, ndiye mwenye kitabu. Afisa akamweleza kwamba kulipa gharama za uchapaji hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: michoro na mazoezi ya mwisho wa kila somo yako katika kauntabuku ipi? Tukatafuta. Hayamo. Michoro yote ya namna ya kutawadha na kusali, na maswali zaidi ya mia, vilikuwa vya kijana mwenyewe, na mama akakiri kwamba mumewe hakuwa akichora.

Lau mambo yangemalizwa pale barazani, ama warithi wangenyimwa mali yao kwa jina la sadaka, ama kijana angenyang'anywa jasho lake kwa jina la kumtetea yatima. Na mimi ningekuwa katika kundi la pili, nikidhani natenda wema. Suluhu inapendeza na Uislamu umeihimiza, lakini suluhu inayofanywa kabla ukweli haujajulikana mara nyingi ni kumtaka mnyonge anyamaze. Pale suluhu ilikuja baada ya karatasi kusomwa, na kila mmoja akijua anasamehe nini. Wakatia saini kwamba matini ni ya marehemu na haki yake ni ya warithi wake, michoro na mazoezi ni ya kijana, na kumbukumbu za usajili zisahihishwe hivyo. Mapato wakakubaliana kuyagawa, baada ya kijana kurudishiwa kwanza gharama za uchapaji.

Wazazi na walimu, zihifadhini rasimu. Kauntabuku zile zilikuwa zimeandikwa tarehe kwa sababu marehemu alikuwa na mazoea ya kuandika tarehe ya Hijria juu ya kila somo, wala si kwa sababu alitarajia shauri. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kila Ramadhani kisha tunaandika kitabu cha watu wawili bila hata kipande cha karatasi kinachosema nani amefanya nini. Vikundi vya kaswida navyo viangalie: mtunzi wa maneno, mwenye sauti na aliyerekodi wanaweza kuwa watu watatu wenye haki tatu. Na madrasa inayomlipa mwalimu mshahara imuulize mapema masomo anayoyaandika kwa kazi hiyo yatakuwa ya nani, kwani katika sheria za nchi nyingi, ikiwamo hiyo ya India, kazi ya mwajiriwa iliyofanywa katika ajira yake huwa ya mwajiri yasipokuwapo makubaliano mengine.

Toleo la pili la kitabu kile limeshatoka, na jalada lake lina majina mawili. Limebaki somo la Hija. Lilikuwa katika ile kauntabuku ya nne ambayo hadi leo haijapatikana. Kijana anasema aliliandika yeye, kwa maneno yake, kutokana na aliyoyasikia darasani. Mtoto mkubwa wa marehemu anasema anaisikia sauti ya baba yake katika kila mstari. Mimi nimelisoma mara tatu na sikuweza kupambanua. Tumewaandikia wanafunzi wa zamani kuuliza kama kuna aliyenakili somo lile katika daftari lake, na pande mbili zimekubaliana kukaa tena baada ya majibu kufika.